Moshi katika Urwagwa: Aibu au Sifa?

Si jambo geni mjini Kigali, siku ya gusaba, yaani siku ambayo jamaa wa mvulana hufika kumposa binti, kuona makreti ya bia za kiwandani yamepangwa hadharani huku dumu la urwagwa limefichwa nyuma ya mlango wa jiko. Dumu hilo aghalabu limesafiri tangu alfajiri kutoka Ngoma, Kirehe au Rwamagana, likashushwa Remera au Nyabugogo, na aliyelileta ni shangazi au mjomba ambaye hakulala usiku wa kuamkia safari. Kijana wa nyumba hulifungua, hunusa, kisha hukunja uso.

“Shangazi, mbona pombe hii inanuka moshi? Wageni watatucheka.”

“Mwanangu, ingalikosa moshi ndipo ungaliniuliza.”

Mazungumzo ya namna hiyo huishia hapo, maana shughuli ni nyingi na wageni wamekwisha kufika langoni. Pua ya kijana haikukosea: moshi umo. Kilichokosewa ni hukumu. Yeye ameuhesabu moshi kuwa ni uchafu, au dalili ya umaskini wa shamba, ilhali shangazi anaujua kuwa ni alama ya kazi iliyofanywa kwa ukamilifu. Yafaa basi ieleweke moshi huo unatoka wapi, na namna ya kuupambanua ulio mwema na ulio mbaya, kwa sababu katika upambanuzi huo mna riziki ya watu.

Urwagwa ni pombe ya ndizi. Jamaa zake wanajulikana katika eneo lote la Maziwa Makuu: Burundi huitwa urwarwa, kwa Wahaya wa Bukoba huitwa rubisi, na Uganda huitwa tonto. Ndizi zake si zile za kupika. Ni ndizi za namna ya pekee, zenye ukakasi mwingi zikiwa mbichi, na ukakasi huo ndio unaosaidia maji ya tunda kujitenga na nyama yake wakati wa kukamua. Mtu akijaribu kukamua ndizi za kupika atapata uji, hatapata maji.

Mikungu hukatwa ingali ya kijani, lakini iliyokomaa. Ikiachwa iive yenyewe, vichane vya juu huiva kwanza na vya chini hubaki nyuma, na mpikaji hawezi kukamua ndizi nusu mbivu nusu mbichi. Kwa hiyo huchimbwa shimo, ambalo kwa Kinyarwanda huitwa urwina. Ndani yake huwashwa moto wa majani makavu ya mgomba ili kuta zishike joto, majivu huondolewa, shimo hutandikwa majani mabichi, mikungu hupangwa, hufunikwa kwa majani, kisha hufukiwa udongo. Wengine huchimba tundu pembeni na kuacha moto mdogo ukifuka humo, moshi ukaingia polepole kwa ndizi. Baada ya siku 3 hadi 5, kutegemea joto la mahali, ndizi zote hutoka zimeiva pamoja, laini na za manjano.

Siri ya shimo hilo ni joto, uhaba wa hewa, na moshi wenyewe. Moshi wa majani yanayoungua polepole huwa na kiasi kidogo cha gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo ile ile ambayo tunda hujitolea lenyewe linapoiva. Wazee hawakulijua jina la gesi. Walijua kazi yake. Moshi haukuingizwa shimoni ili kutia ladha. Uliingizwa ili kuivisha, na ladha ikaja kama mgeni aliyefuatana na mwenyeji. Ipo pia njia nyingine, ya kuivishia ndizi juu ya uchaga ulio juu ya meko, ambao huitwa urutara. Huko nako moshi wa jikoni hupanda na kuzizingira, ila kwa kawaida huwa mwepesi kuliko wa shimoni.

Ndizi zikiisha kumenywa hutiwa katika hori la mbao lililochongwa kama mtumbwi, liitwalo umuvure, zikakandwa pamoja na nyasi safi. Nyasi hushika nyama ya tunda na kuyaachia maji yatiririke. Maji hayo matamu ni umutobe, ambao hata mtoto aweza kuunywa. Hayo huchujwa, huongezwa maji kiasi, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa na kuachwa mahali pa joto kwa siku 2 hadi 4. Chachu hufanya kazi yake, povu hupanda, na umutobe huwa urwagwa. Ikiongezwa asali hupatikana inkangaza, kinywaji cha heshima zaidi.

Msomaji na aangalie kwamba moto umeingia mara mbili: kwanza shimoni, kwa moshi; pili katika mtama, kwa kukaangwa. Ladha hizi mbili hazifanani, na wengi huzichanganya. Nafaka iliyokaangwa hutoa uchungu kama wa kahawa au ganda la mkate lililoungua kidogo. Ndiyo ladha ya stauti nyeusi kama Guinness, ambayo weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa, wala haina moshi hata chembe. Busaa ya magharibi mwa Kenya nayo hupata ladha yake kwa kukaanga donge la unga uliochachuka juu ya bati. Moshi ni kitu kingine. Hausikiki sana ulimini. Husikika puani, hasa mtu akiisha kumeza na kutoa pumzi.

Kama kuna anayedhani kwamba kunywa moshi ni jambo la watu wasio na viwanda, na autazame mji wa Bamberg, kusini mwa Ujerumani. Mji huo, ambao sehemu yake ya kale iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1993, unajulikana na wapenzi wa bia kwa kinywaji kimoja: bia ya moshi. Nyumba ya Schlenkerla imetajwa katika maandishi tangu mwaka 1405, na ile ya Spezial tangu 1536. Zote mbili hata leo hutengeneza kimea chao wenyewe, wakikikausha juu ya moto wa kuni za mti uitwao kwa Kijerumani Buche. Bia ya Schlenkerla ni nyeusi yenye wekundu, na harufu yake ni ya nyama iliyokaushwa kwa moshi. Ya Spezial ni nyepesi, moshi wake ukinong'ona tu. Wageni husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kuionja, nao hulipa fedha nzuri kwa kile ambacho kijana wa Kigali anakificha nyuma ya mlango.

Na huko nako moshi haukuanza kama urembo. Shayiri iliyochipuzwa hapana budi ikaushwe, na zamani palipokosekana jua la kutosha ilikaushwa kwa moto wa kuni. Hivyo sehemu kubwa ya bia ya Ulaya ya kaskazini ilikuwa na moshi, watu wapende wasipende. Katika karne ya 17 Waingereza walianza kukaushia kimea kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa kuondolewa moshi. Mwaka 1817 Daniel Wheeler akapata hataza ya pipa la kukaangia kimea bila kukigusisha moto. Baadaye majiko ya hewa moto yakaenea, na moshi ukawa kitu cha kuepukwa. Bia yenye moshi ikahesabiwa kuwa ya kizamani. Poland ilikuwa na bia yake nyepesi, Grodziskie, ya kimea cha ngano kilichokaushwa kwa moshi wa mwaloni. Mwaka 1993 kiwanda chake cha mwisho kikaacha kuitengeneza, na ikapita zaidi ya miaka 20 kabla ya kiwanda katika mji wake wa asili kufunguliwa tena mwaka 2015. Bamberg ilisalimika kwa sababu nyumba chache zilikataa kuona haya.

Rwanda nayo ilipata bia isiyo na moshi. Kiwanda cha Bralirwa kilianza Gisenyi mwaka 1957, na kuanzia mwaka 1963, kwa miaka mingi, kilitumia gesi ya methani iliyotolewa katika Ziwa Kivu kwa kupatia joto. Ni kazi ya kusifiwa, na bia yake safi, baridi, ya rangi ya dhahabu, ilistahili kupendwa. Lakini ilileta pia kipimo kipya kimya kimya: kwamba kinywaji safi ni kile kisichonukia chochote cha moto. Watoto wa Kigali wamekua na kipimo hicho. Si ajabu wakipewa urwagwa wa shimoni wanatafuta kosa.

Sasa tufike katika kuonja kwenyewe. Kinyarwanda kina neno lake la kuonja kinywaji, gusogongera, na kwa desturi mwenye pombe huionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni awe na amani kwamba haina dhara. Desturi hiyo ina faida nyingine ambayo haitajwi: mwenyeji anayeonja analazimika kujua anachokitoa. Mwenyeji anayefungua chupa ya kiwandani halazimiki kujua lolote.

Anayetaka kujifunza atenge bilauri tatu ndogo. Ya kwanza itiwe bia ya kawaida ya kiwandani, ya pili stauti nyeusi, ya tatu urwagwa. Funda mbili za kila moja zatosha. Shabaha hapa ni kujua, si kulewa. Urwagwa usitoke katika friji, kwa maana baridi kali huifunga harufu, na moshi ni harufu zaidi kuliko ladha. Joto la chumbani ndilo linalofaa. Na aangalie chombo pia. Dumu la plastiki lililowahi kutiwa mafuta ya taa haliachi kamwe harufu yake, hata lioshwe kwa majivu na maji moto, na mara nyingi kinacholaumiwa kuwa “moshi mbaya” ni dumu baya. Kibuyu kilichotunzwa, au chupa ya kioo, ni salama zaidi. Mrija wa kushirikiana, umuheha, ulikuwa alama ya udugu. Siku hizi, kwa ajili ya usafi, kila mtu na awe na bilauri yake.

Anuse kabla ya kunywa. Kisha avute funda dogo, alizungushe kinywani, ameze, na atoe pumzi polepole kwa pua. Hapo ndipo moshi utakapojitokeza. Katika urwagwa mzuri hauji peke yake: kwanza utakuja utamu wa ndizi mbivu, kisha uchachu unaochangamsha ulimi, kisha mtama uliokaangwa, na moshi nyuma ya vyote, kama harufu ya nguo ya mtu aliyetoka kuota moto. Ukifika wa kwanza na kubaki peke yake, mizani imepotea.

Wenyeji wa Bamberg huwaambia wageni wao kwamba bia ya kwanza hushangaza, na utamu huonekana katika zile zinazofuata. Maneno hayo yana msingi. Pua huchoka upesi na harufu inayodumu. Moshi ukiisha kuzoeleka, hurudi nyuma na kuacha ladha nyingine zisikike. Hata hivyo hakuna haja ya kumaliza chupa tatu ili kuthibitisha jambo hilo. Funda la tatu la bilauri moja litaonyesha yale yale, ikiwa mtu ana subira. Urwagwa hauna kipimo kimoja cha kileo. Hutofautiana sana kutoka mpikaji hadi mpikaji, na utamu wake humdanganya mnywaji. Mwenye kuendesha gari, mama mjamzito na kijana ambaye hajatimiza miaka 18 na waridhike na umutobe, ambao nao, ukiwa wa ndizi za shimoni, una moshi wake.

Jambo moja huwafurahisha wataalamu. Jimbo lile lile la Ujerumani lenye bia ya moshi lina pia bia ya ngano inayonukia ndizi, ingawa haijaona mgomba. Chachu yake hutengeneza kemikali ile ile inayotoa harufu ya ndizi mbivu. Kwa hiyo kule wana bia ya shayiri yenye moshi, na bia ya ngano yenye harufu ya ndizi, katika bilauri mbili. Ngoma vyote viwili humo katika kibuyu kimoja.

Lakini isidhaniwe kwamba kila moshi unafaa kusifiwa. Moshi mwema unafanana na kuni kavu, jani lililokauka, ndizi iliyochomwa. Moshi mbaya unakwaruza koo, unafanana na masizi, mpira uliounguzwa au dawa ya hospitali. Ubaya huo una sababu zake. Huenda shimo lilitiwa moto mkali mno hata maganda yakaungua na ndizi zikaiva kwa kupikika. Huenda majivu hayakuondolewa. Huenda zilitumika takataka, hasa plastiki, mahali pa majani makavu. Urwagwa wa namna hiyo haufai kunywewa, wala si suala la ladha tu, kwa maana masizi na moshi wa plastiki vina sumu. Pia uchachu ukiwa mkali kama siki, kosa si la moshi. Pombe imekaa mno. Urwagwa ni kinywaji cha siku chache, na shangazi anayesafiri nao usiku kucha analijua hilo kuliko yeyote.

Hapa ndipo riziki inapoingia. Mpikaji anayechunga shimo lake siku 4, akichagua majani, akikesha kuangalia moto usizidi, hupeleka sokoni kitu chenye gharama. Mwingine huongeza maji mengi, hutia sukari, huharakisha, na pombe yake haina moshi kwa sababu haikupita shimoni ipasavyo. Mnunuzi wa Kigali asiyejua kuonja humsifu huyu wa pili kuwa ni msafi, na humkata bei yule wa kwanza kwa sababu “inanuka”. Baada ya misimu michache mpikaji wa kwanza hujifunza: huacha shimo. Na huko kuharakisha kukiendelea, kuna wanaovuka hata sukari, wakaishia katika pombe za kuchanganya vitu, ziitwazo inzoga z'inkorano, ambazo serikali huzimwaga, na kwa haki. Wanaouza kinywaji cha ndizi kwenye chupa wanatakiwa kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Rwanda, na mnunuzi ana haki ya kuitafuta alama hiyo. Alama itamwambia kwamba kinywaji ni salama. Haitamwambia kama ndizi ziliiva shimoni kwa siku 4, au namna nyingine. Hilo litabaki kazi ya pua.

Wasomaji wasiotumia kileo, na Nyamirambo na Biryogo wapo wengi, wasione kwamba habari hii haiwahusu. Kufukiza kinywaji ni elimu ya kale ya Afrika Mashariki. Watu wa pwani hufukiza mtungi wa maji kwa ubani kabla ya kuujaza. Huko Ankole vyombo vya maziwa hufukizwa kwa moshi wa nyasi maalumu, na Wakalenjin wa Kenya hupaka kibuyu chao kwa mkaa wa mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa ya mursik. Anayejua kuonja maziwa hayo amekwisha kujua nusu ya kuonja urwagwa.

Kuhusu chakula, wengi hukimbilia mishikaki ya mbuzi. Si vibaya, lakini moshi wa nyama na moshi wa kinywaji hufichana, na mlaji hatambui upi ni upi. Urwagwa wa shimoni hupendeza zaidi ukiwa na chakula kisicho na makuu: maharage yaliyoungwa kwa kitunguu, viazi vitamu vya kuchemsha, au isombe ya majani ya muhogo, ambayo mafuta yake hulainisha uchachu. Samaki wadogo wa Kivu, isambaza, wakikaangwa wakavu na kutiwa chumvi, nao wanafaa sana.

Siku ya shughuli, dumu lifunguliwe asubuhi na kuachwa mahali pa kivuli, kifuniko kikiwa kimelegezwa, kwa sababu pombe ingali inachacha na gesi yake yaweza kupasua chombo kilichokazwa. Ichujwe kwa kitambaa safi kabla ya kumiminwa. Itakayobaki baada ya siku mbili tatu na kuwa kali isimwagwe: ichujwe tena, iachwe wazi chini ya kitambaa mpaka utamu wote uishe, na hapo itakuwa siki ya ndizi. Kachumbari ya nyanya na kitunguu ikitiwa siki hiyo huwa na moshi kwa mbali, na hata kijana aliyekunja uso huila bila kuuliza.